Mwano Hauulizi Ngazi

Mayige alipopiga simu asubuhi ile, Nyanjige alikuwa anabadilisha kioo cha simu ya mteja, bisibisi ameibana kwa meno. Aliitoa mdomoni akapokea.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, Mayige. Mhola?"

"Mhola? Salama itoke wapi? Jana nimepiga mwano hakuna aliyekuja. Fisi wamekula ng'ombe wote, mimi nimesimama na ngoma yangu kama bwana harusi aliyekimbiwa. Na watu walikuwepo, nawaona, wamejaa kijijini wanatembea tu. Huo mchezo wako umeharibika, au siku hizi mnatuchagua?"

Mayige ni mchunga ng'ombe wa kule Nkoma. Ng'ombe aliowasema hapo hawakuwa wa baba yake. Walikuwa ng'ombe wa kwenye simu, na aliyewaumba ni huyu huyu Nyanjige, fundi simu wa Somanda, mwenye kibanda pembeni ya barabara inayokwenda hospitali.

Ngoja niwaeleze kwanza Nyanjige ni mtu wa namna gani, maana mkimwona amenuna msije mkadhani kazaliwa hivyo. Kwao ni Sola, Maswa, mtoto wa mzee Masunga, pamba na ng'ombe. Alimaliza kidato cha nne, matokeo yakakataa, akaja Bariadi kujifunza ufundi simu. Kuandika programu alijifundisha mwenyewe, kwa video na laptopu iliyokuwa imekufa akaifufua. Enzi hizo alikuwa anacheza mchezo mmoja wa mtandaoni kutoka nje, wa watu wengi pamoja, kila mtu na shujaa wake. Akaambiwa huwezi kwenda vitani na wenzako mpaka ufike ngazi ya ishirini, na ngazi unazipata kwa kuua nguruwe pori. Akaua nguruwe. Akaua nguruwe majuma mawili, nguruwe yule yule, kichaka kile kile, na alipofika ngazi ya ishirini wenzake walikuwa kwenye ya arobaini. Akaufuta.

"Ni kibarua," alimwambia Winnie, mshonaji wa kibanda cha jirani. "Napalilia shamba la mtu, jioni hata ugali sipewi."

Ndipo akatengeneza wa kwake, akauita Mwano. Kwetu mwano ni ile sauti ya hatari. Wezi wakiingia zizini, mtu anaupiga, jirani anaupokea, unaruka kijiji hadi kijiji, na kila mwenye miguu anatoka na alichonacho. Hakuna anayesimama mlangoni kukuuliza wewe ni nani. Kosa ni moja tu, kubaki ndani.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi, hata simu ya bei ya chini iliubeba. Unaingia, unachagua kazi: mchungaji, mhunzi, mganga, mwindaji au mpiga ngoma. Kazi yako unaijua yote siku ile ile. Aliyeingia leo ana nguvu sawa na aliyeingia mwaka jana, ila wa mwaka jana anawajua watu na anazijua njia za fisi. Hakuna anayeweza peke yake. Fisi wakija, mpiga ngoma anapiga mwano, wenye kazi nyingine wanakimbilia. Basi. Watu wa Bariadi, Itilima na Maswa wakaupenda, ukavuka mpaka Shinyanga.

Sasa baada ya simu ya Mayige, Nyanjige alifungua mchezo wake kwa jina jipya, kama mgeni. Akachagua mwindaji. Mahali fulani mwano ukalia. Akabonyeza kitufe cha kuitika. Kitufe kilikuwa cha kijivu, na juu yake pakatokea maneno ambayo hakuyaandika yeye: *Hujafikia ngazi ya kuitika mwano. Ua fisi wadogo mia tano.*

Aliyasoma mara mbili. Halafu akaiweka simu yake chini taratibu sana, kama yai, kwa sababu mikono ilikuwa inataka kuirusha.

Hapa lazima niseme kosa lake, na ni kosa la Msukuma. Mchezo ulipojaa watu, ulihitaji kompyuta kubwa ya kukaa, seva, isiyolala wala kukatikiwa umeme. Binamu yake Danford, mtoto wa mjomba, yuko Mwanza, ana ofisi ya mambo hayo. Nyanjige akafanya kama baba yake anavyofanya malisho yakiisha Sola: unampelekea ndugu mwenye nyasi ng'ombe wako, anakutunzia. Maziwa anakunywa, samadi anachukua, ila ndama ni wako, na siku ukiwataka unakwenda na fimbo unawaswaga. Haandikiani mtu. Akampa Danford kila kitu, hadi maneno ya siri, kwa simu, huku wanataniana.

Alimpigia. Danford akacheka. "Nakuja Jumamosi kusalimia wazee. Nitapita hapo."

Akapita kweli, viatu vinang'aa, akakaa kwenye benchi la wateja. Winnie alikuwa anashona sare za shule, mguu ukapunguza mwendo ili masikio yapate nafasi.

"Nyanji, umenuna. Mtani wangu hununi hivyo."

"Leo usinitanie. Nani alikuambia uweke ngazi?"

"Watu wenyewe. Mtu anataka kupanda, dada. Ukimpa kila kitu siku ya kwanza, kesho atarudi kufanya nini?"

"Atarudi kwa sababu wenzake wapo."

"Maneno ya kanisani hayo. Tangu niweke ngazi wanakaa humo mara tatu ya zamani."

"Wanakaa wanafanya nini? Wanaua kifisi kile kile mia tano. Danford, wewe umezaliwa wapi? Umesikia wapi mtu anasikia mwano anaambiwa rudi ndani, hujapanda cheo?"

"Ni mchezo tu."

"Kama ni mchezo tu, rudisha maneno ya siri."

Danford akapangusa kiatu ambacho hakikuwa na vumbi. "Nimeshakubaliana na watu. Wanataka kuuza ngazi kwa wasio na muda wa kuua fisi. Na wewe utapata chako, usijali."

"Kwa hiyo unawachosha kwa makusudi, halafu unawauzia pumziko."

"Biashara hiyo."

"Ng'ombe niliyekupa utunze, kunywa maziwa. Nani kakuruhusu umpige chapa yako?"

"Basi nenda kashtaki," Danford akasema akiinuka. "Mwambie hakimu, binamu yangu kanichukulia fisi."

Mtu wa bodaboda aliyekuwa akisubiri simu yake akacheka. Nyanjige alimtazama mpaka akaacha. Danford akaenda zake, na hasira ikabaki pale kibandani kama moshi wa pumba. Mchana kutwa hakuzungumza na mteja zaidi ya "leta" na "chukua".

Lakini ndama wa kwanza alikuwa naye. Mchezo wa mwanzo, ule usio na ngazi, ulikuwa ndani ya laptopu. Akatafuta seva nyingine, ndogo, kwa jina lake mwenyewe, akaupandisha, akatangaza kwenye grupu la WhatsApp la wachezaji: *Mwano wa zamani umefunguliwa. Hakuna ngazi. Njooni kesho saa kumi na moja jioni.* Hakuna cha kuhamisha, aliandika, kwa sababu hakuna cha kupoteza.

Hapo ndipo akajua Danford amempiga wapi. Majibu yakaja: *Dada, mimi niko ngazi ya thelathini.* *Nimebakiza fisi arobaini nipate mkuki wa moto.* *Niache ngazi zangu?*

Akamgeukia Winnie. "Wewe utakuja."

Winnie aliendelea kukata uzi. "Mimi niko ya thelathini na mbili, Nyanji."

"Umezipata lini?"

"Usiku. Naua fisi huku mtoto wangu ananyonya. Unajua mimi sikuwahi kupanda kitu chochote? Shule niliacha, duka nililofungua likafungwa. Hapa angalau pameandikwa Winnie, Mkuu wa Zizi. Leo unaniambia nianze chini."

Nyanjige alikuwa na jibu kali, na akalitoa. "Hukupanda popote. Umefungwa kwenye kigingi, unazunguka, unahesabu mizunguko."

Winnie akafunika cherehani, akaondoka mapema. Siku ile wakaachana bila kuagana.

Kesho yake saa kumi na moja Nyanjige aliingia, mpiga ngoma, peke yake na ng'ombe. Mayige akaja, safari hii mchungaji. Wakaja wengine wachache, na wawili wageni kabisa ambao hawakujua hata kutembea. Fisi wakashuka. Akapiga mwano. Wale wageni wakaitika mara moja, wakakimbia upande usiofaa, Mayige akawafuata akiandika *kushoto, kushoto, ninyi watu mna mikono mingapi?* Ng'ombe wakaliwa wote. Hakuna aliyeondoka.

*Tena,* mgeni mmoja akaandika.

Wakarudia, wakaliwa tena. Kila aliyejeruhiwa alibaki amelala pale, kwa sababu hapakuwa na mganga.

Upande wa pili wa ubao unaotenga vibanda, cherehani ilikuwa imenyamaza muda mrefu. "Mbona mnakufa hivyo?" Winnie akauliza, akichungulia kioo cha simu juu ya ubao.

"Hatuna mganga."

"Mnachelewa na kupiga. Ngoma ilie kabla hawajavuka korongo."

"Njoo uwaambie mwenyewe. Mimi nina kazi."

Kichwa cha Winnie kikapotea nyuma ya ubao. Halafu kwenye kioo pakatokea mganga mpya asiye na cheo, amesimama katikati ya zizi, anawainua waliolala mmoja mmoja. Nyanjige hakusema asante. Bado alikuwa amekasirika, na fisi walishafika korongoni. Akaipiga ngoma kwa nguvu zote za kidole.