Damu kwenye Mswaki

Juzi nilimkuta binti yangu Pendo, aliyefungwa vyuma vya meno kama mimi zamani, akilowesha mswaki bombani na kuurudisha kikombeni bila kuutumia. Ujanja huo naujua.

Alasiri moja utotoni mwangu, kwetu Tinde, viazi vikavu vya mama, michembe, vilikuwa vimenasa kwenye waya zangu na kinywa kilinuka. Kila nikisugua, fizi zilitoka damu, nami niliamini mswaki ndio unaonikata. Mama alinishika kidevu.

“Sugua!”

“Mama, damu!”

“Sugua hivyo hivyo!”

Nilimchukia. Leo najua damu ilitoka kwa sababu nilikuwa siswaki.

Basi juzi nami nikamshika Pendo kidevu. “Sugua!”

“Mama, damu!” Pendo akalia.

Mama yangu, aliyekuja kututembelea, akafoka kutoka sebuleni: “We Mama Pendo, huoni mjukuu wangu anatoka damu? Mwache!”