Hekalu Ambalo Bado ni Mchanga

Mwanangu, kwanza nisamehe mwandiko huu. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo kalamu naishika kuandika nambari za magari yanayoingia getini tu. Nilipokosea herufi, mwambie baba yako asome polepole, asicheke. Wala usishangae kijana kama mimi kukuita mwanangu. Baba yako ni kaka yangu mkubwa, kwa hivyo mimi ni baba yako mdogo, na baba mdogo ana ruhusa ya kushauri hata kabla ndevu hazijakamilika.

Iko asubuhi moja ya baridi ambayo hainitoki. Huku Dubai miezi ya baridi huwa na ukungu, mzito kuliko ule wa kwetu Bungoma. Ninapokaa, Dubai Investments Park, ni maghala na viwanda na nyumba za wafanyakazi, na ukungu ukishuka vyote hufutika. Unasikia honi ya lori lakini lori hulioni. Asubuhi hiyo nilitembea hadi kituo cha treni kama mtu anayetembea ndani ya pamba, kwenda kukutana na Mama Trufosa.

Mama Trufosa ni mtu wa kwetu, mzee kuliko wote katika kanisa letu hapa. Amelea watoto wa madam mmoja kule Rashidiya mpaka watoto hao wamepata watoto. Siku yake ya mapumziko alipanda treni mwanzo wa reli, akaja nayo mpaka mwisho upande wetu, kwa sababu nilikuwa nimemwomba jambo. Nilitaka anionyeshe mahali hekalu letu litakapojengwa.

Watu wanatuita Wamormoni. Kwetu sisi, kanisa ni mahali pa kusali kila wiki, lakini hekalu ni kitu kingine. Huko mume na mke huunganishwa hata baada ya kifo, na watoto kwa wazazi wao. Huko pia mtu aliye hai huvaa nguo nyeupe, akaingia majini na kubatizwa kwa niaba ya jamaa aliyekufa, akitajwa kwa jina lake. Mimi nilitaka abatizwe hivyo Kukhu, mama mzaa baba yetu, aliyetulea mimi na baba yako. Mwanamke angesimama kwa niaba yake, na Mama Trufosa alikuwa amekubali kuwa yeye.

Hekalu lenyewe tulikuwa tumelingoja sana. Wazee wa hapa wanasema zamani waumini walikuwa wachache, wakisali sebuleni mwa watu. Aliyetaka hekalu alipanda ndege. Mama Trufosa aliona hekalu mara moja tu, madam wake alipompeleka Ujerumani kulea watoto wakati wa joto. Akamwomba siku moja ya kwenda hekaluni. Yule madam, Mwislamu anayeswali swala zake zote, akamwambia, "Nenda, uniombee na mimi." Kisha ukaja mwaka wa korona. Tulikuwa tumefungiwa vyumbani, kila mtu na kitanda chake, niliposikia kwenye simu kwamba wenye nchi wametukaribisha, na hekalu litajengwa hapa hapa Dubai, kule walikokuwa wakiandaa maonyesho makubwa ya dunia. Mnepali wa kitanda cha juu aliinama akaniuliza kama nyumbani kumetokea msiba, kwa jinsi nilivyolia.

Basi tukatoka kituoni, tukatembea mpaka mahali pasipo na jengo. Nikauliza, "Ni hapa, Mama?"

"Wanasema ni upande huu. Kipande chenyewe sikijui."

Mbele yetu palikuwa na mchanga, na baada ya mchanga palikuwa na weupe tu. Nadhani ni ule weupe uliotuingia. Mama Trufosa alinyoosha mkono akasema, "Mlango tuuweke pale." Akaanza kutembea, nami nikamfuata. Akanionyesha mahali pa kuvua viatu vya njiani na kuvaa vyeupe. Akanionyesha ukuta, na taa, na chumba ambacho watu hukaa kimya mpaka mtu anasikia pumzi zake. Alitembea taratibu, akizunguka nguzo zisizokuwepo, na mimi nilizizunguka pia. Naapa, mwanangu, niliuona ule ukuta. Nilihisi ubaridi wa jiwe.

Akasimama. "Hapa ndipo penye maji. Mimi nimeshavaa nyeupe. Haya, naingia kwa jina la nani?"

"La Kukhu."

"Kukhu kila mtu anaye. Jina lake?"

Nikakiri silijui. Nani kwetu humwita bibi yake kwa jina? Sisi tulisema Kukhu, majirani walisema Mama Wanjala, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alikufa nikiwa shuleni, akazikwa nyuma ya migomba, na kaburini tulipanda maua, hatukuandika kitu.

"Muulize kaka yako."

"Hatuongei, Mama."

"Mmegombania nini? Shamba?"

"Chai."

Alinitazama kuona kama namtania. Ikabidi nimweleze. Nilipokuwa likizo, mama yako alipika chai ya maziwa, chai ya kunikaribisha, na nyumba ilikuwa imejaa wageni. Kanisa letu halitaki tunywe chai. Mimi nami ni mwenye haya, kuongea mbele ya watu hunishinda. Sikusema neno. Nilikisukuma tu kikombe katikati ya meza. Mama yako, akiwa na mimba yako wewe, alikitazama kile kikombe, kisha akakichukua akaingia jikoni na hakutoka tena. Baba yako akasema mbele ya wote, "Umerudi tajiri, sasa chakula cha mke wangu ni uchafu." Nikanyamaza. Nilirudi huku nikiwa bado nimenyamaza. Ulizaliwa, nikapata habari kwa watu, na sikuuliza hata umepewa jina gani.

Mama Trufosa alisikiliza mpaka mwisho. "Na ulishindwa kusema, shemeji, naomba maji?"

"Nilishindwa."

"Mimi madam ameniwekea kahawa miaka yote hii. Namwambia, madam, kahawa hapana, lakini nipe tende na tukae. Tunakaa. Wewe umekataa kikombe na mtu wake." Akashusha sauti, kama tumo ndani kweli. "Unataka uunganishwe na waliokufa, na walio hai umewazimia simu? Mlango huu hautakufaa, kijana. Hata wakiujenga kesho."

Nilisema nitapiga jioni. Akasema, "Khalas, basi, jioni. Mimi nipo hapa majini nangoja." Na hakuondoka, akakunja mikono palepale mchangani.

Nikapiga. Simu ya kawaida, ile inayokula salio.

"Nani?"

"Ni Barasa."

"Uko hai? Nilidhani Waarabu wamekufukia na mchanga."

"Niko hai."

"Chai unakunywa siku hizi?"

"Bado. Lakini uji nakunywa."

Akacheka, kicheko kidogo cha puani, ambacho hakutaka nikisikie. Nikapata nguvu. Nikamwambia nimekosa, kwamba nilikuwa na haya wala si dharau, na amwombee msamaha shemeji. Kisha nikamwambia ninachokitaka. Sikumficha hekalu. Nikauliza, "Kukhu aliitwa nani?"

Nilimsikia akiita kwa sauti kubwa, "Mama Nelima! Mama Nelima, njoo uongee na shemeji yako!" Halafu akarudi kwenye simu. "Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Jina. Ndilo hilo tulilompa mtoto. Ungepiga simu siku mtoto alipozaliwa ungelijua."

Ukungu ulikuwa unaanza kuachana. Nililitamka lile jina, na Mama Trufosa akalirudia taratibu, akiwa amefumba macho. Nyuma yake kulikuwa na winchi, barabara na mchanga. Ukuta haukuwepo tena.

Lakini sikudanganyi kwamba yote yaliisha. Baba yako alisema, "Jina ni lako pia, sikunyimi. Ila kumpeleka Kukhu kwenye kanisa lako, sijakubali. Uje kwanza nyumbani unieleze uso kwa uso." Mama Trufosa aliniambia, "Kaka yako ana haki, ngoja." Basi nangoja. Siku hizi hata Nairobi lipo hekalu, ningeweza kupita nikishuka tu kwenye ndege. Sitapita kabla ya kukaa mezani kwenu. Na hili la huku, mara ya mwisho nilipokwenda, palikuwa bado ni mchanga.

Sasa nasaha yangu, Nelima. Ukikataa kitu, fungua mdomo useme kwa nini, hata sauti ikitetemeka. Haya yetu sisi wenye haya huonekana kiburi kwa wengine, nao hawana kosa. Waulize wazee majina yao wangali na meno ya kukujibu. Na imani yoyote utakayoifuata ukubwani, mimi sitakuchagulia, lakini usiitumie kufunga mlango wa nyumba uliyotoka.

Mungu akulinde usingizini na njiani. Akukuze urefu wa Kukhu, ambaye alilazimika kuinama akiingia jikoni. Akupe watu wa kukuita kwa jina lako, leo na hata utakapokuwa hupo.

Ukijifunza kuandika, niandikie. Usingoje kujua mengi. Andika jina lako tu kwenye karatasi, baba yako ataituma. Nitakuwa nimesoma barua kutoka kwa watu wawili.