Babu Nahumu Alifaulu Mtihani wa Mgongo

Kwetu jambo hili halizungumzwi mezani, lakini leo nalisema. Babu yangu alifanya mtihani mmoja tu ukubwani, akafaulu kuliko wote, na kufaulu huko ndiko kulikommaliza.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, barabara ya Njombe kwenda Makambako ni vumbi tupu.

Nahumu, Mkinga wa Iwawa, alikuwa kibarua kwenye shamba la miwati, miti ambayo magome yake hutumika kusindika ngozi. Kazi yake ilikuwa kubeba mafurushi ya magome mabichi kutoka msituni hadi kwenye lori. Magome mabichi ni mazito balaa.

Mgongo ukaanza kumsumbua. Mwanzoni asubuhi tu. Baadaye hata akikohoa ilibidi ashike ukuta.

Hakuwa peke yake. Wabebaji wengi walilalamika mgongo, meneja akaona wanategea tu. Ndipo akaletwa daktari mzungu mwenye shughuli ngeni kabisa. Hakugusa mgongo wa mtu. Yeye aliuliza maswali ya tabia, eti majibu yatamwonyesha nani anaumwa kweli na nani anasingizia.

Atakayeonekana anaumwa kweli atahamishiwa kitaluni, kumwagilia miche. Nahumu aliitamani kazi ile kuliko chakula. Alijua mwaka mwingine wa mafurushi haumalizi.

Sasa, kambini lilifika neno moja tu: kuna mtihani, na atakayefaulu anakwenda kitaluni. Na mtihani pekee aliowahi kuufanya Nahumu ni wa kipaimara. Basi akaenda kwa mwinjilisti Yoramu.

"Wataniuliza nini, mwinjilisti?"

"Nasikia wanapima tabia. Wewe jibu kama Mkristo. Usinung'unike."

Siku ilipofika akavaa shati la kanisani. Daktari aliuliza kwa Kiingereza, na Hilari, karani Mbena wa Makambako, akatafsiri.

"Unakasirika upesi?"

"Hapana, bwana."

"Unalala vizuri?"

Jamani, mtu huyu alikuwa analala amekaa.

"Vizuri, namshukuru Mungu."

"Kuna siku unatamani kulia?"

"Hapana. Nina furaha."

"Kazi imekuchosha?"

"Kazi ni baraka, bwana."

Daktari akatabasamu. Nahumu naye akatabasamu, huku jasho linamtiririka mgongoni kwa maumivu ya kukaa kwenye kile kiti.

Baada yake akaingia Silvesta, mbebaji mwenzake, mgongo mzima kabisa. Huyo hakumuuliza mwinjilisti. Alilalamikia ugali, baridi, nyapara, mpaka mama mkwe wake.

Majibu yakatoka. Silvesta, kitaluni. Nahumu, arudi kwenye mafurushi.

"Lakini nimefaulu," Nahumu akamwambia Hilari.

"Umefaulu mno, kaka. Daktari anasema anayeumwa kweli huwa na hasira na hukosa usingizi. Wewe ndiye mwenye furaha kuliko wote kambini."

Bibi yangu Priska aliposikia alikaa chini.

"Baba Jeni, rudi ukamwambie ukweli."

"Nikamwambie nilidanganya?"

"Mwambie unaumwa."

Alirudi. Akasimama mbele ya meza akasema yote: usiku asiolala, hasira anazowamalizia watoto, machozi anayoyaficha msituni. Mwanamume wa Kikinga kusema vile mbele ya mgeni si jambo dogo. Hilari alitafsiri taratibu, neno kwa neno.

Daktari alisikiliza kwa upole. Kisha akajibu, na Hilari akainamisha kichwa.

"Anasema majibu ya kwanza ndiyo ya moyoni. Haya ya leo umeyatunga baada ya kusikia Silvesta kapata kitalu."

Akibisha ni mwongo, akinyamaza ni mzima. Mimi nilizaliwa miaka mingi baadaye, na bado hapa pananiuma.

Akasema asante, akatoka.

Akabeba masika yote. Asubuhi moja akateleza kwenye tope, furushi likamwangukia kiunoni. Wenzake wakambeba hadi kibandani kwake.

Daktari alikuja. Akapiga magoti, na kwa mara ya kwanza akauwekea mkono ule mgongo. Priska alisimama mlangoni, amemkumbatia kifuani Jeni, mama yangu.

"Anauliza maumivu yakoje," Hilari akasema.

Safari hii Nahumu hakutaka kufaulu kitu chochote.

"Hayapo, bwana. Kuanzia kiunoni kushuka sisikii kitu."

Daktari akasubiri Hilari amtafsirie. Hilari hakuweza.

Ndugu yangu unayesoma, hasa wewe wa kwetu uliyelelewa kujibu "mzima" hata ukiwa hoi: daktari akikuuliza, lalamika. Nung'unika. Mungu hatakasirika.