Zamu ya Yaya Bahati Getini

Najua utasema baridi ya London ilinichanganya. Sema, sikukatazi. Lakini nisikilize mpaka mwisho, maana ufunguo wenyewe ninao, nimeutundika jikoni kwangu hapa Barking.

Kwanza nikueleze vita vile. Mji wetu, mashariki mwa Kongo, ulikuwa mdogo, ila unga, mafuta na dawa za jeshi zima vilipitia ghala la stesheni. Aliyeshika ghala ndiye aliyekula. Kwa hiyo sisi raia tuliwekwa zamu getini, wawili wawili, kwa sharti moja: huondoki mpaka anayekuja ashike ufunguo na kutamka, "Nimepokea."

Mimi nililinda na Bahati, fundi baiskeli. Nilimwita Yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita kaka mkubwa. Siku mabomu yalipofika darajani, nilibeba dumu.

"Nakuja, Yaya. Nafuata maji tu."

Sikurudi. Baadaye nilisikia kwamba alilinda siku tatu peke yake, ghala halikutekwa, naye alikutwa amekufa, ameegemea geti.

Sasa sikia. Mwaka juzi, Desemba, saa kumi jioni. Huku saa hizo giza limeshaingia. Nilikuwa natoka kazini, kwenye ghala la vyakula. Mvua inanyesha, na getini amesimama mtu mkavu kabisa. Sweta lile lile la kijani, grisi vidoleni. Mimi nimeota mvi. Yeye hajaongeza hata siku moja.

"Mdogo wangu," akasema, "maji umeyafuata mpaka Ulaya?"

Niamini, nilicheka. Halafu nikamsogelea.

"Yaya, nisamehe."

"Hayo baadaye. Nimechoka kusimama. Shika."

Akaninyooshea ufunguo wa ghala letu. Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Mama alinifunza kwamba ukipokea kitu mkononi mwa marehemu, umekubali kumfuata. Nikamwaza binti yangu anayenisubiri nyumbani. Kisha nikaona miguu ya Bahati: imevimba, imejaza viatu, miguu ya mtu ambaye hajaketi miaka ishirini.

Nikashika. "Nimepokea, Yaya. Nenda ukalale."

Akapiga mwayo, kweli kabisa, kama yeyote aliyemaliza kazi, akaelekea kituo cha basi. Kabla hajafika kwenye taa, hakuwepo.

Sikufa, kama unavyoona. Ila tangu hapo, kila zamu yangu ikiisha, kiganja changu cha kulia hupoa kama chuma, na siwezi kuvuka geti mpaka mwenzangu atamke lile neno. Mpolandi anayenipokea zamu amejifunza. Hulitamka vibaya, lakini kiganja hupata joto. Na binti yangu nikimwambia nakuja saa kumi na mbili, saa kumi na mbili niko mlangoni.

Nawe huenda yuko mtu uliyemwambia "nakuja" ukapotea moja kwa moja. Kama yu hai, mpigie leo. Si vigumu kama unavyodhani, pengine hata mtacheka. Usipokwenda, atakuja yeye.