Mtihani Mmoja kwa Wote

Kwenye semina pale Ifakara mjini tulifundishwa kwamba watoto hawajifunzi kwa mwendo mmoja, kwa hiyo mwalimu awagawe katika makundi na kila kundi alipe kazi ya kiwango chake. Tulipiga makofi, tukala pilau, tukarudi shuleni. Wenzangu waliyaacha hayo palepale ukumbini. Mimi, kwa kiherehere changu, niliyaamini.

Darasa langu la pili lilikuwa na watoto wa kila namna. Waliopitia chekechea walisoma hadithi nzima bila kukwama, hao niliwapa hadithi isiyo na mwisho waimalizie. Waliotoka Katindiuka, kwa wakulima wa mpunga, walitoweka kila mavuno yalipokaribia, wakaenda kuamia ndege, kuwafukuza mashambani na wazazi wao, wakarudi wamesahau hata silabi. Hao niliwakatia kadi za silabi kutoka kwenye maboksi ya sabuni. Halafu walikuwapo watoto wa wafugaji wa Kisukuma, ambao Kiswahili chenyewe walikutana nacho mlangoni kwangu. Nilianza nao kwa maneno ya vitu wanavyovijua: ndama, maziwa, fimbo. Nilizunguka kundi hadi kundi mpaka sauti ikakauka.

Katika kundi hilo la mwisho alikuwamo binti mmoja aliyechelewa kuanza shule. Baba yake alinieleza waziwazi kwamba nyumbani walimhitaji achunge ndama. Angemwacha asome mpaka shule zifungwe Desemba. Asipoona faida, angempeleka kwa shangazi yake aliyehamia upande wa Malinyi na ng'ombe. Nilimjibu bila kusita kwamba mtoto atasoma.

Na alisoma. Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, alisoma habari ya mbuzi aliyeingia bustani ya jirani, kidole kikifuata maneno, akamcheka yule mbuzi. Nilifurahi kuliko siku niliyopata ajira.

Ukaja mtihani, mmoja kwa wote. Nilimwomba mwalimu mkuu niwatungie wale wa kundi la tatu maswali yao. Akakataa, akasema alama zinakwenda kata na haziwezi kwenda za aina tatu. Ni yeye huyohuyo aliyekuwa akiwaleta wageni darasani kwangu waone makundi. Yule binti alifanya polepole, kwa usahihi, na muda ukaisha akiwa ukurasa wa kwanza.

Shuleni kwetu siku ya kufunga, nafasi za watoto husomwa mbele ya wazazi. Wa kwanza huitwa wapigiwe makofi. Wa mwisho nao husimamishwa, eti waone aibu waongeze bidii. Aliitwa wa mwisho kabisa na watu wakacheka. Baba yake hakucheka. Alimshika mkono wakaondoka.

Niliwakimbilia uwanjani na kitabu mkononi. Nilimwambia binti amsomee baba yake ile habari ya mbuzi. Alisoma kwa sauti ndogo mpaka mwisho, bila kosa hata moja. Nikamtazama baba, nikidhani nimeshinda.

"Mwalimu," akasema taratibu, "mimi sijui kusoma. Siwezi kujua kama anasoma kilichoandikwa au anatunga mwenyewe. Ila kuwa wa mwisho, hilo nimelisikia."

Nilimwapia kwamba anasoma kweli. Akanijibu kwa heshima kwamba mimi ni mwalimu mmoja, na shule nzima imesema vingine. Alinishukuru kwa taabu niliyoipata na mtoto wake. Binti alinirudishia kitabu kwa mikono miwili, hakuniangalia usoni. Nilibaki pale na hasira ambayo mpaka leo sijapata mahali pa kuitua.

Januari hakuja. Nilipomweleza mwalimu mkuu, alinipoza moyo. Aliniambia nisihuzunike sana, kwa kuwa yule ndiye aliyekuwa akituvuta chini, na sasa wastani wa darasa utapanda.

Na kweli ulipanda.