Maua ya Karatasi na Ndoo ya Makombo

Nikinusa maharagwe yaliyochacha, hata leo, nasukuma sahani na kutoka nje. Watu hudhani nadharau chakula. Sidharau. Nakumbuka tu.

Nilikuwa nasomea ushonaji katika chuo cha ufundi nje kidogo ya mji wa Nyeri, na hapo hapo nikawa kiranja wa hosteli ya wasichana. Malipo yake yalikuwa chumba cha peke yangu, kidogo kama kabati, mkabala na masinki. Matroni alinipa kazi mbili: kupanga shughuli za wasichana wikendi, na kupamba ubao wa korido ili mgeni akiingia aone watu wanaishi vizuri. Nilifurahi sana. Mtihani wa kidato cha nne ulinitupa, ndiyo, lakini kichwani nilikuwa tayari napamba harusi na makanisa kuanzia Nanyuki mpaka Karatina.

Nilipanga shindano la kusukana, wakaja wawili. Nilipanga siku ya kupika mukimo, viazi vya kuponda na mahindi na mboga, wakaja kula tu. Basi nikaamua kila msichana awe na ua lake ubaoni, lenye jina na siku yake ya kuzaliwa, ili asijione mgeni. Nilipita mlango kwa mlango na kalamu nikiuliza tarehe. Maua niliyakata kwa karatasi za manila na kalenda za zamani, nikayabandika kwa uji mzito wa ngano. Mende walipenda ule uji. Asubuhi nilikuta petali zimetafunwa pembeni na vinyesi vyao vimetapakaa kama chembe za majani ya chai, nikafuta, nikabandika upya, nikiimba.

Sasa, huku kwetu mtu akitimiza mwaka anamwagiwa maji. Nililijua hilo. Nyumbani Gakindu nilimwagiwa kikombe kimoja, nikacheka, nikapewa chapati. Kitu ambacho sikufikiria ni kwamba kabla ya ubao wangu siku ya mtu ilikuwa siri yake. Anayetaka kumwagiwa alijitangaza. Mimi nikatangaza wote, tena kwa maua.

Wa kwanza alimwagiwa maji ya mfereji. Wa pili, maji ya kupigia deki. Wa tatu, maji ya vyombo yenye mafuta yaliyoganda. Kila mmoja akitaka kulipiza aliongeza uchafu kidogo, na nikimlalamikia matroni ananiambia, "Ni vijana hao, wacha wacheke."

Chini ya masinki palikuwa na ndoo ya makombo. Mzee mmoja mfuga nguruwe aliichukua Jumatatu na Alhamisi. Ikifika Jumapili ilikuwa na githeri, mahindi na maharagwe, iliyochacha, ugali uliolowa, majani ya chai, nywele za bandia, na juu yake utando wa kijivu uliokuwa ukipumua. Nasema ukipumua kwa sababu niliuona ukipanda na kushuka.

Jumamosi moja ya Julai, msichana wa mwaka wa kwanza aligonga mlango wangu. Alitoka Wamagana, alisomea upishi, na maneno yake yalikuwa machache. Alikuwa amesukwa siku hiyo hiyo, mistari myembamba, safi, ngozi ya kichwa inang'aa mafuta.

"Kiranja, naomba utoe ua langu."

"Kwa nini?"

"Kesho ndiyo siku yangu. Na Jumatatu naenda Karatina, kwa hoteli moja. Mpishi wao anataka kuniona jikoni siku moja ndiyo wanipe nafasi ya mazoezi. Sitaki kumwagiwa."

Nilitoka naye tukasimama mbele ya ubao. Ua lake lilikuwa katikati kabisa.

"Nikilitoa litaacha tundu," nikamwambia. "Na mkuu wa chuo anapita Jumatatu kukagua hosteli. Wewe usijali. Nitawaambia wasikuguse."

"Utawaambia?"

"Nitawaambia."

Na kweli niliwaambia. Jioni hiyo nilisimama koridoni nikasema kwa sauti tamu kwamba kesho mwenzetu huyu asimwagiwe, ana shughuli muhimu. Hata waliokuwa wamesahau waligeuka kuusoma ubao.

Walimngoja atoke kanisani. Nilikuwa nafua nyuma ya hosteli nikasikia "hepi bathdei" ikiimbwa, kisha kishindo kizito, si mlio wa maji. Nilipofika alikuwa amesimama koridoni mikono imetanuka, makombo yakimteremka kutoka utosini. Punje za mahindi zilikuwa zimemganda kwenye nyusi. Utando ule wa kijivu ulining'inia sikioni mwake kama kitambaa kilicholowa.

"Mpishi, onja utuambie kama chumvi imetosha," mmoja akasema, na wenzake wakaegemea kuta kwa kicheko.

Nilitapika. Sikupata hata nafasi ya kuwakemea, nilitapika kwenye ndoo yao ile ile, nao wakazidi kucheka.

Tulikaa mferejini tangu saa nane mchana mpaka jioni, yeye kwenye kigoda, mimi nyuma yake nikifumua. Nywele zilizosukwa hushika harufu hata kuliko blanketi. Kila mstari niliofungua ulitoa kitu: ngozi ya haragwe, jani la chai, uzi wa nywele za mtu mwingine. Nilikuwa nahema kwa mdomo. Maji yalikuwa baridi ya Julai, yale yanayouma mifupa ya vidole, naye alitetemeka bila kulia. Tulitumia sabuni ya kipande, tukatumia ndimu, tukarudia sabuni.

"Kiranja, bado inanuka?"

"Kidogo tu."

Nilimdanganya. Ilinuka vilevile, na mikono yangu ilinuka, na nilijichukia zaidi kwa sababu hata wakati ule nilikuwa nimeshapita mbele ya ubao na kuangalia kama maua yamerukiwa na makombo.

Jumatatu aliondoka mapema amejifunga kitambaa. Kabla ya saa sita mkuu wa chuo akapita na walimu wake. Akasimama mbele ya ubao, akatabasamu, akauliza ni kazi ya nani. Matroni alinisukuma mbele. Walikuwa bado wananipigia makofi pale msichana alipoingia mlangoni na mfuko wake wa sare ya upishi.

"Na wewe ua lako ni lipi?" mkuu akamuuliza.

Akaonyesha kwa kidole.

"Aa, ni jana. Hongera."

"Asante, mwalimu," akasema, akapita.

Hapo ndipo niliposema. Nilimwambia mkuu kwamba jana walimmwagia makombo ya nguruwe, kwa sababu ya hayo maua, na kwamba alikuwa ameniomba nitoe lake nikakataa. Matroni alinifinya kiwiko mpaka alama ikabaki. Mkuu aliondoa mkono wake ubaoni na kuupangusa kwenye koti. Mimi nikaanza kubandua, ua moja moja, na nyuma ya kila moja mende walikimbia.

Nilimkuta chumbani mwake akikunja nguo. Aliniambia bila kunitazama: jiko lilipopata moto, kichwa chake kilianza kutoa mvuke, na harufu ikapanda. Mpishi alisogea, akanusa, akamwambia arudi siku atakapojua kuoga. Nafasi ilipewa mwingine yeye akiwa bado mlangoni.

"Nimeyatoa maua yote," nikasema.

"Mimi nilikuomba moja. Jumamosi."

Wiki hiyo alihamia mjini kwa binamu yake. Godoro aliniachia nilibebe mpaka getini, maana lilikuwa kubwa. Sare aliibeba mwenyewe.