Nguo za jeshi mfukoni mwa raia

Juzi, kwenye bandari yetu ya Kalemie, mwanajeshi wa ukaguzi alifungua mfuko wa mwanaume aliyekuwa mbele yangu, ametoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Akatoa wanasesere wanne wa plastiki, wenye bunduki ndogo na nguo za jeshi za kitambaa.

"Papa, raia habebi nguo za jeshi. Ninazikamata."

"Chef, zitamutosha nani?" Mwanaume alikuwa na mvi kidevuni. "Nilikuwa na wanasesere kama hawa utotoni, kule Nyunzu. Tulikimbia vita, wakabaki. Sasa ninawatafuta mumoja mumoja."

"Mutu muzima, unawafanyia nini?"

"Ninawapanga juu ya kabati. Asubuhi ninawakuta palepale."

Mwanajeshi alimtazama sana. Kisha akamnyoosha mwanasesere mmoja kola kwa kidole, akawarudisha wote mfukoni.

"Pita, Papa."

Mimi nina watoto wa kulisha, na mwanaume anayenunua wanasesere bado ananichosha. Lakini huku kwetu wenye bunduki wamekuja bila kuitwa, wakaondoka walipotaka. Sishangai mtu akitamani wachache wanaokaa pale alipowaweka.